Wanawake, kompyuta na chakula cha jioni cha mwaka 1946

Najua nimepotea. Wiki tatu nzima sijaandika kitu, na mmoja wenu kanitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani! Ni testi mfululizo, bumu limechelewa, na umeme wa hosteli unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Leo nimepata nafasi, niko hapa kwenye kimbweta nje ya maktaba, leptopu ya rumeti wangu iko mapajani, na nina jambo limenikaa rohoni.

Wengi mnajua kwamba mwaka jana hapa chuoni kulikuwa na kongamano la teknolojia, siku mbili, ukumbi umejaa, mabango kila kona. Wiki moja kabla, kaka mmoja wa kamati alikuja hosteli kwetu kutafuta "mabinti watano wachangamfu" wa kupokea wageni. Mimi na rumeti tukakubali, kulikuwa na posho na chakula, msinicheke. Tukashonewa sketi za kufanana. Kazi yetu: kugawa beji, kugawa maji, kuonyesha wageni choo kilipo.

Sasa sikilizeni. Siku mbili kabla ya kongamano, orodha ya washiriki ilikuwa imevurugika vibaya, majina mengine yameingia mara tatu. Kamati ilikuwa imeshika kichwa. Rumeti wangu, ambaye yuko mwaka wa tatu wa kompyuta, akakaa usiku mmoja akaandika programu ndogo ya kusafisha ile orodha na kuchapisha beji zote kwa mpangilio. Asubuhi kila kitu shwari. Siku ya kufunga, mwenyekiti akaishukuru "kamati ya ufundi" kwa usajili uliokwenda vizuri, wakasimama vijana sita wa kiume wakapigiwa makofi. Halafu akawashukuru "dada zetu kwa tabasamu zao". Rumeti alikuwa amesimama mlangoni na katoni ya maji.

Watoa mada walikuwa kumi na wanne. Mwanamke alikuwa mmoja, na alizungumza saa ya chakula cha mchana, watu wakiwa kwenye foleni ya pilau.

Nilikasirika, lakini rumeti akasema, "Achana nayo shoga, ndivyo ilivyo." Hiyo "ndivyo ilivyo" ndiyo iliyonipeleka maktaba. Mimi nasomea ualimu, hisabati na kompyuta, na tumefundishwa kwamba mwalimu akisikia "ndivyo ilivyo" lazima aulize: tangu lini? Basi nikaanza kuchimba, na nilichokikuta kimeniacha mdomo wazi.

Kwanza kabisa, zamani kompyuta hakuwa mashine. Alikuwa mtu! Neno lenyewe kwa Kiingereza lilikuwa jina la kazi, mtu anayepiga mahesabu kwa ajira. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilihitaji majedwali ya kuonyesha kombora la mzinga litaangukia wapi, kutegemea upepo, pembe na uzito. Kule Philadelphia, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliajiriwa wanawake wengi waliosoma hisabati kufanya kazi hiyo. Njia ya kombora moja ilimchukua mtu saa 30 hadi 40 za kupiga hesabu. Kwa hiyo wahandisi wa hapohapo chuoni, John Mauchly na Presper Eckert, wakaunda mashine kubwa iliyoitwa ENIAC. Uzito wake kama tani 30, ndani yake vali za umeme karibu 18,000.

Mashine ipo, lakini nani ataiambia cha kufanya? Mwaka 1945 walichaguliwa wanawake sita kutoka kwa wale wapiga hesabu: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Hakukuwa na kitabu cha maelekezo, wala lugha ya programu, kwa sababu vitu hivyo vilikuwa havijabuniwa. Mwanzoni hata chumba cha mashine hawakuruhusiwa kuingia, maana ilikuwa siri ya kijeshi. Walipewa michoro ya nyaya, wakaisoma mpaka wakaielewa mashine kuanzia mifupa. Kuandika programu kulikuwa ni kuchomeka nyaya na kuzungusha swichi, maelfu yake, moja ikikosea yote inaharibika.

Februari 1946 ENIAC ikaonyeshwa kwa wakubwa. Programu ya maonyesho waliiandaa Jennings na Snyder. Usiku wa kuamkia siku yenyewe kulikuwa bado na kosa moja: kombora kwenye hesabu lilikuwa likifika chini halisimami, linaendelea kuchimba ardhi! Snyder akaenda kulala, asubuhi akaamka na jibu kichwani, akaenda moja kwa moja kwenye swichi moja, akaigeuza. Maonyesho yakafana. Mashine ilipiga hesabu ya kombora kwa muda mfupi kuliko kombora lenyewe linavyokaa hewani. Magazeti yakaandika.

Jioni ile kukawa na karamu ya kusherehekea. Wale wanawake hawakualikwa. Wakarudi makwao na baridi ya Februari.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nikamwangalia rumeti amelala, nikafikiria ile katoni ya maji.

Haikuishia hapo. Miaka ya 1980 mwanafunzi wa Harvard aitwaye Kathy Kleiman alikuta picha za zamani za ENIAC, akaona wanawake wamesimama kando ya mashine bila majina. Akauliza ni akina nani. Akaambiwa ni wanamitindo tu, waliwekwa pale ili picha ipendeze, kama wale dada wa kwenye matangazo ya mafriji. Yeye hakukubali, akawatafuta wenyewe, na wengi walikuwa hai! Kama si huyo binti mwanafunzi, mwenye umri kama wetu, pengine hadi leo tungeambiwa ni wanamitindo. Mwaka 1997 wote sita waliingizwa rasmi kwenye orodha ya heshima ya wanawake wa teknolojia, nusu karne baada ya kazi yao.

Mwingine ni Grace Hopper. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya hisabati tangu 1934, akajiunga na jeshi la wanamaji, na mwaka 1944 akawekwa kwenye mashine ya Harvard iliyoitwa Mark I. Mwaka 1952 akatengeneza programu ya kutafsiri programu, yaani mashine ijiandalie yenyewe maelekezo. Kazi yake ndiyo iliyokuwa msingi mkubwa wa lugha ya COBOL iliyoanza 1959, na COBOL mpaka leo inaendesha mifumo ya benki nyingi duniani. Alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa na miaka 79. Bibi wa miaka 79 na gwanda lake!

Sasa swali la kihistoria ni hili: kama walikuwepo tangu siku ya kwanza, waliondoka lini?

Takwimu za Marekani zinaonyesha kitu cha ajabu. Katikati ya miaka ya 1980, wanawake walikuwa kama asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya kompyuta. Halafu badala ya kupanda ikaanza kushuka, na kufikia mwaka 2010 ilikuwa karibu asilimia 18 tu. Yaani nusu! Kwenye udaktari na sheria wanawake walikuwa wanaongezeka, kwenye kompyuta wanapungua. Kwa hiyo ile hoja ya "wasichana kwa asili hawapendi" haisimami. Asili haibadiliki kwa miaka ishirini na mitano.

Kilichobadilika ni nini? Miaka hiyo ndipo kompyuta zilipoanza kuuzwa za nyumbani, na zilitangazwa kama mchezo wa watoto wa kiume. Baba ananunua, inawekwa chumbani kwa kijana. Kijana anafika chuoni ameshachezea miaka mitano, binti anagusa kwa mara ya kwanza, na mwalimu anafundisha kwa mwendo wa kijana. Watafiti wawili, Jane Margolis na Allan Fisher, waliwahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakaligundua hili. Chuo kikabadilisha namna ya kuchagua wanafunzi, uzoefu wa zamani ukapunguziwa uzito, yakawekwa masomo ya kuanzia kwa wasiojua. Mwaka 1995 wanawake walioingia kusoma kompyuta pale walikuwa asilimia 7. Mwaka 2000 walikuwa asilimia 42. Miaka mitano tu!

Hili nimeliona kwa macho yangu. Nilipokuwa mafunzo kwa vitendo, shule niliyopangiwa ilikuwa na kompyuta tisa nzima na wanafunzi hamsini na kitu wa kidato cha pili. Siku ya kwanza nikafungua mlango nikasema "karibuni". Wavulana wakakimbia, viti vyote vikajaa, wasichana wakasimama nyuma yao na daftari, wanaandika kwa kalamu mambo ya kompyuta. Hakuna aliyemfukuza msichana. Hakuna aliyesema neno baya. Ni mbio tu. Wiki ya pili nikaanza kugawa namba mlangoni, kila mtu dakika zake. Kulikuwa na binti mmoja ambaye wiki ya kwanza sikuwahi kusikia sauti yake. Mwezi haujaisha yeye ndiye anayeitwa mashine ikigoma. Mimi sikumfundisha chochote cha ziada. Nilimpa kiti tu.

Turudi kwenye makongamano. Mwaka 1987, mjini Austin, Texas, kulikuwa na mkutano mkubwa wa wataalamu wa mifumo ya kompyuta. Alikuwepo Anita Borg, mwanamke mwenye shahada ya uzamivu ya kompyuta, akashangaa jinsi wanawake walivyo wachache. Walikutana wachache wao wapi? Chooni! Sita au saba hivi, wakaanza kuongea hapohapo, wakapanga wale pamoja jioni. Kwenye hicho chakula ndipo likazaliwa kundi la kuandikiana kwa barua pepe waliloliita Systers, kusaidiana maswali ya kazi. Mnaona lakini? Karamu ya 1946 hawakualikwa, ya 1987 wakajiandalia wenyewe.

Mwaka 1994 Anita Borg na mwenzake Telle Whitney wakaandaa mkutano wa kwanza kwa heshima ya Grace Hopper, pale Washington. Walikuja watu kama 500. Anita alifariki 2003 kwa saratani ya ubongo, lakini mkutano uliendelea kukua, mwaka 2017 walihudhuria watu kama 18,000. Na mwaka 2023 yakatokea ya kutokea: kwa kuwa makampuni huenda pale kuajiri, wanaume wengi walijazana kwenye foleni za kazi mpaka waandaaji wakalalamika hadharani. Niliposoma hilo nilikumbuka darasa langu na zile mbio za viti.

Lakini wapo wanaosema mkutano wa wanawake peke yao si dawa, kwa sababu mikutano ile mingine inabaki vilevile. Nawaelewa. Ndiyo maana mfano unaonipa moyo zaidi ni wa PyCon, mkutano mkubwa wa Marekani Kaskazini wa watumiaji wa lugha ya Python. Shikeni kalamu. Mada zilizotolewa na wanawake mwaka 2011: asilimia 1. Mwaka 2012: asilimia 7. Mwaka 2013: asilimia 15. Mwaka 2014 na 2015: theluthi moja. Mwaka 2016: asilimia 40.

Walifanyaje? Hawakupunguza kiwango, wala hawakuweka tangazo la "wanawake mnakaribishwa" wakakaa kusubiri. Jessica McKellar na wenzake walikuwa wanawaandikia wanawake mmoja mmoja: wewe, tumeona kazi yako, leta mada. Akisita wanamwandikia tena, wanamsaidia kunoa pendekezo. Wakatoa msaada wa nauli kwa wasio na uwezo. Wakaweka kanuni za mwenendo, mtu asisumbuliwe. Mwaka 2014, Montreal, wakaweka na mahali pa kulelea watoto. Hili la watoto msilidharau, hapa chuoni wapo mama wanafunzi wanaokosa hata vipindi vya jioni.

Na Berlin mwaka 2012, waandaaji wa mkutano wa JSConf EU walifanya mambo mawili. Waliwahimiza wanawake watume mada, halafu wakaondoa majina kwenye mapendekezo kabla ya kuyachagua. Robo ya watoa mada wakawa wanawake. Mtu akisema "tulichagua ubora tu", mwambieni ajaribu kuficha majina kwanza.

Habari ya majina inanikumbusha Stephanie Shirley wa Uingereza, aliyefariki mwaka 2025. Mwaka 1962 alianzisha kampuni ya programu, akiajiri zaidi wanawake walioacha kazi baada ya kuzaa, wanafanyia nyumbani. Barua zake za biashara zilikuwa hazijibiwi. Akaanza kusaini "Steve", jina la kiume. Zikaanza kujibiwa!

Msidhani haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 2014 kule Berlin ilianza Django Girls, warsha za siku moja au mbili za kuwafundisha wanawake kutengeneza tovuti, bure, na zimeshafika miji mingi ya Afrika. Anna Makarudze wa Zimbabwe aliwahi kuwa rais wa Django Software Foundation, taasisi ya dunia nzima inayosimamia chombo hicho. Majirani zetu Nairobi wana AkiraChix tangu 2010, inafundisha mabinti kuandika programu. Na Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar. Zanzibar hapo! Boti tu kutoka Dar.

Kwa hiyo wadau, nikijumlisha somo letu la leo: wanawake hawakuchelewa kwenye kompyuta, walitangulia. Walipungua kwa sababu viti viligawanywa kwa mbio. Na wanarudi pale ambapo mtu anakaa chini akaita jina, akalipa nauli, akaweka mahali pa mtoto, akafunika majina wakati wa kuchagua. Hivyo vyote vina bei na vina jasho, ndiyo maana waandaaji wengi wanaona rahisi kusema "tuliwatafuta hatukuwapata".

Sasa nimalizie kilichonifanya niandike leo. Tangazo la kongamano la mwaka huu limebandikwa. Wanapokea mapendekezo ya mada, mwisho Ijumaa hii saa kumi jioni. Jumamosi iliyopita nilimwambia rumeti apeleke ile programu yake ya usajili, aeleze namna ilivyookoa jahazi. Akacheka. Akasema kile ni kitu kidogo, atachekwa, ngoja amalize kwanza chuo. Nikamwambia habari za Betty Snyder na swichi. Nikamwambia mwaka jana nimemsikiliza kaka mmoja dakika arobaini akieleza programu ambayo hata haikuwaka mbele ya watu, na alipigiwa makofi. Akanyamaza kidogo, akasema:

"Haya. Nitapeleka kama na wewe utapeleka."

Mimi tena? Mimi mwalimu mtarajiwa, nasoma kompyuta nusu hisabati nusu! Nikaanza kutoa sababu. Nina kazi ya seminari, sina jambo la kusema, sijui kuongea mbele ya wataalamu. Halafu nikajisikia ninavyoongea, nikaona aibu. Nimeandika kurasa hizi zote za historia kuwahimiza wanawake, na kumbe mwanamke wa kwanza wa kuhimizwa ni mimi.

Basi jana usiku, kwa mwanga wa simu maana umeme ulikuwa umeshaondoka, tumeandika wote wawili. Yeye kaandika ya usajili. Mimi nimeandika "Kompyuta tisa, wanafunzi hamsini: namna ya kugawa viti darasani". Chini ya pendekezo langu nimeongeza ombi moja kwa kamati: wafiche majina wakati wa kuchagua, halafu watangaze walikuwa wangapi. Sijui watanisikiliza. Tukikataliwa kwa ubora wa mada, sawa, tutajifunza. Lakini safari hii hakuna atakayesema hakutupata.

Maombi yangu kwenu ni mawili. Akina dada, Ijumaa saa kumi, hata kama mada yako unaiona ndogo. Akina kaka mlioko kwenye kamati, najua mnasoma hapa, msitangaze tu ubaoni, mtajeni mtu kwa jina mkamwambie. Na mkihitaji wa kugawa maji mwaka huu, tafuteni vijana watano wachangamfu, tabasamu wanazo.

Chaji imebaki kidogo na rumeti anadai leptopu yake. Majibu yakitoka nitawaambia hapahapa, yawe matamu au machungu. Tuko pamoja.